Miwani ya Mpiga Fidla

Mwaka 1784, jijini Vienna, watunzi wanne wa muziki walikusanyika nyumbani kwa rafiki yao kupiga kwarteti. Haydn alishika fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Mozart viola, na Vanhal selo. Mwimbaji Michael Kelly, aliyekuwapo, aliandika baadaye kwamba upigaji wao ulikuwa wa kuridhisha tu. Kwa maelezo yake, hakuna aliyekuwa bingwa wa chombo alichokishika. Haydn alikuwa na umri wa miaka 52. Kisa hiki mimi huwasimulia wastaafu wanaotoa fidla kabatini baada ya miaka mingi na kuniuliza kama bado wanafaa.

Kwarteti ni muziki wa chumbani, kama unavyoitwa Ulaya: hupigwa na watu wachache, mtu mmoja kwa kila sauti, bila kiongozi wa kunyanyua mikono mbele. Aliyeimba kwaya anajua raha ya besi: ukipotea, jirani anakubeba mpaka utakapojipata. Kwenye kwarteti jirani hayupo. Ndiyo maana wazee wengi huja na hofu ya vidole, kumbe kinachowaangusha kwanza ni macho.

Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu mkononi, sentimita 40 hivi. Stendi ya noti husimama mbali zaidi, sentimita 60 hadi 70. Basi mzee huinama kuzifuata noti, shingo inakaza, bega linapanda, uta unatetemeka, naye anasema mkono umezeeka. Ile miwani ya kuonea mbali juu na kusomea chini ni balaa zaidi, kwani humlazimu anyanyue kidevu, na kidevu hichohicho ndicho kinachoshikilia fidla. Dawa yake ni rahisi: pima umbali wa stendi kwa futi ukiwa umekaa unavyopiga, kisha mpelekee mtaalamu wa macho namba hiyo akutengenezee miwani ya kazi hiyo tu. Ongeza na taa nzuri.

Masikio yana hila zake. Uzee huanza kufifisha sauti nyembamba. Uzi mnene wa fidla hutetemeka mara 196 kwa sekunde, na mngurumo wake mzee anausikia bila shida. Kinachopotea ni ule mng'aro wa juu unaoipa fidla sura yake. Anaona chombo kimepooza, anakandamiza uta, wenzake wanafunikwa. Mwambieni kwa upole, maana yeye mwenyewe hawezi kujua. Anayevaa kifaa cha kusikia akumbuke kwamba kifaa hicho kimetengenezwa hasa kwa ajili ya mazungumzo. Noti ndefu ya fidla kinaweza kuidhania kuwa mluzi wake chenyewe na kuanza kuipunguza. Mtaalamu anaweza kukiwekea mpangilio wa pili, wa muziki.

Kuhusu vidole, neno moja tu: viola ni kubwa na nzito kuliko fidla, lakini haina kipimo kimoja. Mwenye maumivu ya kidole gumba atafute ndogo.

Mpige nini? Anzeni na Haydn, aliyeacha kwarteti zipatazo 68. Mimi ningeshika zile sita za mwaka 1781, opasi 33, kwa sababu kila chombo kinapewa cha kusema na utani wake unasikika hata mwendo ukipunguzwa. Msidanganyike kwamba sehemu za polepole ndizo rahisi. Hapo uta husafiri taratibu na kila noti iliyopinda inakaa hadharani. Beethoven wa miaka ya mwisho aachwe kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu havilisisitizi. Kabla ya kuanza, kubalianeni kama mtarudia sehemu zenye alama ya kurudia. Nimeshuhudia wawili wakirudi mwanzo na wawili wakisonga mbele, kila upande ukiwa na uhakika, na ukipiga kwa nguvu zaidi ili kuuvuta upande wa pili. Mkipotea, mtu mmoja, na afadhali awe wa selo kwa kuwa besi ndiyo inayosikika na wote, ataje kwa sauti herufi iliyochapwa juu ya mstari. Aliyepotea anyamaze na kuhesabu mpaka herufi hiyo, kisha aingie. Asiombe radhi katikati ya muziki. Akiomba, atawapoteza na wengine watatu.