Picha ya kwanza ya kudarizi nyumbani: Anza na bibo, tausi atasubiri

- Vifaa vya kuanzia ni kitambaa cha pamba, sindano, mkasi, fremu na nyuzi za rangi nne.
- Mishono mitatu inatosha kumaliza picha ndogo.
- Ukitaka kuuza, hesabu saa zako kabla ya kutaja bei.

Nachingwea/Ruangwa. Tausi wawili wanaotazamana, maua ya waridi na neno “Karibu” katikati. Picha hiyo ya kudarizi ipo kwenye vitambaa vya makochi vya nyumba nyingi, na anayetaka kujifunza mara nyingi huanza nayo. Wiki mbili baadaye kitambaa kipo uvunguni, tausi mmoja hana mkia na nyuzi zimeshikana.

Hapo wengi hujiambia, “Mimi mkono wangu mzito.” Lakini mkono hauna kosa. Tausi ana rangi nyingi, mistari mingi iliyopinda na eneo kubwa la kujaza. Hata fundi mzoefu anahitaji siku nyingi kummaliza.

Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, picha rahisi ya kuanzia inaning’inia shambani: bibo na korosho yake.

Kwa nini bibo?

Bibo lina maumbo matatu tu. Kuna tunda lenyewe, mfano wa pera, jekundu au la njano. Chini yake inaning’inia korosho yenye umbo la figo, rangi ya kijivu. Juu kuna kikonyo kifupi na jani moja la kijani.

Kila umbo linakufundisha mshono wake, na ukikosea kidogo hakuna atakayegundua, maana hakuna mabibo mawili yanayofanana. Picha ya urefu wa sentimita 10 inatosha. Ukiimaliza, utakuwa umeshika mishono ya kukuwezesha kudarizi ua, samaki, jina la mtoto na, baadaye, huyo tausi.

Kama unaona mishono mitatu ni michache, fikiria kitambaa maarufu cha Bayeux nchini Ufaransa. Ni cha karne ya 11, kina urefu wa karibu mita 70, na kinasimulia vita ya kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Watu, farasi na majahazi yote yale yamedariziwa, kwa sehemu kubwa, kwa mishono miwili tu.

Vifaa vya kununua

Usibebe duka zima. Hivi vinatosha:

- Kitambaa cheupe cha pamba kisichovutika, kama bafta nzito au kipande cha shuka la zamani lisilochakaa. Kata sentimita 30 kwa 30.
- Nyuzi za kudarizi za pamba, rangi nne: nyekundu au njano, kijivu, kijani na kahawia.
- Sindano ya mkono yenye tundu refu na ncha kali.
- Mkasi mdogo, penseli na karatasi.
- Fremu ya mduara ya kubania kitambaa, ya sentimita 15 hadi 18.

Huna fremu ya mduara? Chukua fremu ya mbao ya picha iliyovunjika kioo, vuta kitambaa juu yake na ukibane pembeni kwa pini. Muhimu ni kitambaa kikaze. Ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma.

Kitita kimoja cha uzi wa kudarizi wa Anchor au DMC kina mita 8, na uzi huo umesokotwa kwa nyuzi sita nyembamba. Wanaoanza wengi hutumia zote sita kwa pamoja, picha inakuwa na mabonge. Tumia mbili tu. Ukikata vipande vya sentimita 45, yaani toka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko, kitita kimoja kinatoa vipande 17. Kila kimoja ukikigawa mara tatu unapata 51. Kwa hiyo kwa picha hii kitita kimoja cha kila rangi kinatosha kabisa.

Usikate uzi mrefu ili kukwepa kutunga mara kwa mara. Uzi mrefu hujisokota, hufunga mafundo na huchakaa kabla hujaumaliza.

Fua kabla ya kudarizi

Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayoumiza zaidi.

Kitambaa kipya cha pamba hurudi kikilowa. Ukidarizi kwanza ndipo ufue, kitambaa kinarudi, uzi unabaki vilevile, na picha inakunjamana. Kifue, kianike, kipige pasi.

Uzi nao upime. Lowesha kipande kidogo cha uzi mwekundu, kibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache, kisha angalia. Kikiacha doa, uzi huo unachuja. Suuza kitita chote kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe, ukauke, ndipo uutumie. Usiposafika, badilisha. Mtaani utaambiwa uloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Usitegemee hilo kwa nyuzi za kisasa. Kazi ya siku 10 inaweza kuharibika kwa beseni moja la maji.

Kuchora bila kujua kuchora

Chora bibo kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi. Hujui? Piga picha ya bibo, ikuze kwenye simu, weka karatasi nyepesi juu ya kioo cha simu na ufuatishe mistari taratibu.

Kisha bandika karatasi hiyo kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake na ufuatishe mistari kwa penseli bila kukandamiza. Karatasi ya kaboni nayo inafanya kazi, ila alama zake zinaweza kukataa kutoka ukifua, hivyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Mishono mitatu

Kabla ya kugusa picha, piga mstari wa kila mshono kwenye kitambaa kibovu. Nusu saa inatosha.

1. Shulu, kwa mistari. Toa sindano juu milimita 3 mbele ya mwanzo wa mstari. Rudi nyuma, ichome pale mstari unapoanzia. Chini ya kitambaa ipeleke mbele, itokee milimita 3 mbele ya pale ilipotokea mwanzo. Rudi tena, ichome kwenye tundu ilipotokea mara ya kwanza. Endelea hivyo na utapata mstari usiokatika. Tumia shulu kwa kikonyo, ukingo wa jani na mshipa wake wa katikati.

2. Mnyororo, kwa kujaza tunda. Toa sindano juu. Laza uzi uwe kitanzi na ukishike kwa dole gumba. Rudisha sindano kwenye tundu lilelile, itokee milimita 4 mbele, ndani ya kitanzi. Vuta taratibu. Pete ya pili inaanzia ndani ya ya kwanza. Pita ukingo wote wa bibo, kisha ingia ndani mzunguko baada ya mzunguko hadi katikati. Mwishoni, shika pete ya mwisho kwa mshono mdogo isifumuke.

3. Mshono wa kulaza, kwa korosho. Toa sindano ukingo mmoja, ichome ukingo wa pili, rudi chini ya kitambaa na utokee pembeni kabisa ya pale ulipoanzia. Nyuzi zilale bega kwa bega bila kupandana. Zisizidi sentimita moja kwa urefu, maana ndefu hulegea na kunasa kwenye kucha.

Usianze kwa fundo. Acha uzi wa sentimita 5 nyuma ya kitambaa, ushonee juu yake ujifunge wenyewe. Ukimaliza, pitisha sindano chini ya mishono minne au mitano ya nyuma, kisha kata. Mafundo hutokeza mbele picha ikiwekwa kwenye fremu.

Mambo yanayoharibu picha

Kuvuta kwa nguvu. Mshono ukikazwa sana, kitambaa kinakunjamana. Uzi ukigusa kitambaa, acha kuvuta.

Uzi kujisokota. Kila baada ya mishono kadhaa, achia sindano ining’inie. Itazunguka na kujinyoosha yenyewe.

Mwanga hafifu. Darizi mchana, karibu na mlango au barazani. Usiku rangi ya kijivu na ya kahawia zinachanganya, na macho yanachoka.

Fremu kuachwa kwenye kitambaa. Ukimaliza kazi ya siku, itoe. Ikikaa muda mrefu, inaacha duara na vumbi linajikusanya kwenye ukingo wake.

Sindano kupotea. Kwenye nyumba yenye watoto, tumia moja kwa wakati mmoja, na usiondoke bila kuirudisha mahali pake.

Kusafisha na kutundika

Loweka kwa maji baridi yenye sabuni kidogo, sugua kwa vidole, suuza. Usikamue. Kandamiza kati ya mataulo mawili, kisha anika kivulini. Ikiwa bado na unyevu kidogo, ilaze kifudifudi juu ya taulo na uipige pasi kwa nyuma, mishono isilale.

Kata boksi gumu kwa kipimo cha fremu, vuta kitambaa juu yake na ushone nyuma kwa nyuzi za kuvutana kushoto na kulia, juu na chini. Baadaye mpelekee seremala au fundi fremu. Tundika mbali na jua la moja kwa moja, kwani linapausha rangi.

Je, inalipa?

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Anza kwa kuandika muda kwenye simu kila unaposhika na kuacha kazi.

Chukua mfano. Vifaa vimegharimu Sh4,000 na kazi imechukua saa 10. Ukijilipa Sh1,000 kwa saa, bei yako ni Sh14,000. Mteja akisema Sh8,000 nawe ukakubali, ukitoa vifaa unabaki na Sh4,000. Umefanya kazi kwa Sh400 kwa saa.

Hiyo haimaanishi uache. Picha ya kwanza na ya pili ni ada ya shule. Mkono ukizoea, saa 10 zinapungua. Ila usitaje bei kwa kukisia, wala usishindane na vitambaa vya mashine, kwa sababu mashine inatoa tausi kumi wakati wewe uko kwenye shingo ya mmoja. Uza ambacho duka halina: jina la mtoto, tarehe ya ndoa, au bibo la Ruangwa kwa mtu aliyehamia Dar es Salaam.

Majira nayo yana maana. Wilaya hizi mbili zinauza korosho kwa minada kupitia chama kikuu cha ushirika cha Runali, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na msimu wa mauzo huanza kwenye mwezi Oktoba. Malipo yakiingia, watu wananunua vitu vya nyumbani na harusi zinapangwa. Lakini wakati huohuo mikono yako nayo ipo chini ya mikorosho ikiokota. Kwa hiyo darizi kipindi ufuta umeshavunwa na korosho hazijaanza kudondoka. Msimu ukifika, uwe na picha mkononi.

Na kama huuzi, bado hujapoteza. Bibo la kwanza litundike sebuleni, hata kama limepinda. La tatu likinyooka, utajua wapi ulitoka, na tausi wa uvunguni utamtoa umalizie mkia wake.