Saa ya mbu na saa ya mkataba: maisha ya mtafiti baada ya uzamivu (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulimwacha kijana wetu akivuliwa joho: ametunukiwa shahada ya uzamivu, na nyumbani wamekwisha kuanza kumwita daktari. Leo tumfuate hadi taasisi ya utafiti wa viumbe, maana wengi hudhani kwamba masomo yakiisha, mwanasayansi amekamilika.

La hasha. Ipo ngazi ya katikati, ya mtafiti wa baada ya uzamivu. Huyu si mwanafunzi tena, kwa kuwa hana mtihani unaomngoja. Wala si mkuu wa maabara, kwa kuwa mara nyingi fedha anazotumia zimeombwa na mwingine. Huajiriwa kwa mkataba, aghalabu wa miaka 2 au 3, na katika muda huo hutarajiwa aonyeshe kwamba anaweza kuzua swali lake mwenyewe na kulijibu.

Afrika Mashariki ngazi hii ina historia. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ekolojia ya wadudu, maarufu kwa kifupi kama icipe. Makao yake makuu, Kasarani, huitwa Duduville, jina lililochipuka katika neno letu "dudu". Katika mpango wa awali, maprofesa wa vyuo vya ng'ambo walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, na vijana waliohitimu uzamivu ndio waliobaki kituoni wakiutenda. Tangu mwanzo, basi, nyumba ile ilisimama juu ya mabega yao.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Tuseme anachunguza namna mbu anavyobeba malaria. Yai huchukua kama siku 10 kupita hatua ya kiluwiluwi na buu hadi kuwa mbu. Jike hungojwa siku chache akomae, kisha hunyweshwa damu yenye vimelea. Vimelea navyo huhitaji siku 10 hadi 14 kufika kwenye tezi za mate. Hapo ndipo mtafiti huketi mbele ya darubini, akampasua mbu mmoja mmoja na kuhesabu. Jaribio moja limekula karibu mwezi mzima. Umeme ukikatika usiku na joto la chumba likaharibika, hurudi kwenye yai. Na wadudu hawajui Idi wala Krismasi: lazima walishwe.

Tupige hesabu. Mkataba wa miaka 2 una miezi 24. Jibu haliaminiki mpaka jaribio lirudiwe, tuseme mara 3. Toa miezi ya kununua vifaa na kupata vibali, ya kuwaelekeza wanafunzi, ya kuandika makala na kungoja wahakiki. Kinachosalia ni kidogo, na hicho nacho hugawanywa na kutafuta ajira ijayo.

Lakini maswali mazuri huzaa mengine. Mwaka 2020 watafiti wa icipe na wenzao walitangaza kwamba kijidudu kiitwacho Maikrosporidia MB, kilichopatikana ndani ya mbu wa Kenya, huzuia vimelea vya malaria kukua humo, na kwamba mbu jike hukirithisha kwa watoto wake. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba mbu huambukizana nacho pia kwa kujamiiana. Kila jibu lilidai mtu wa kubaki na kuuliza linalofuata. Akiondoka kwa sababu mkataba umekwisha, huondoka na mambo yasiyoandikwa popote: mkono uliozoea kupasua, jicho linalotambua kundi la mbu lililodhoofika.

Ndiyo maana nawasihi wanaopanga bajeti za utafiti katika nchi zetu: mikataba ya vijana hawa ipimwe kwa maisha ya kiumbe anayechunguzwa, si kwa mwaka wa fedha. Mbu hataibadili saa yake. Mkataba umeandikwa na watu, na watu wanaweza kuuandika upya.

Wiki ijayo: namna ombi la fedha za utafiti linavyoandikwa.