Historia ya Gemu za Video (7): Matoleo Yaliyofutwa na Jinsi Yalivyopatikana

Toleo lililofutwa ni gemu ambayo kampuni iliamua kuihamishia kwenye mashine nyingine au lugha nyingine, ikawalipa waandishi wa programu, pengine ikaitangaza hadharani, kisha ikaitupilia mbali kabla haijafika dukani. Kuhamisha gemu, kama sehemu zilizotangulia zilivyoeleza, ni kazi kubwa kuliko kunakili. Kila mashine ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na namna yake ya kuchora picha, hivyo gemu huandikwa karibu upya. Toleo likifutwa, kazi hiyo mpya hupotea hata kama gemu yenyewe inachezwa kila mahali kwenye mashine nyingine.

Suala hili lilirudi kwenye habari kwa sababu mbili. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwaazima watafiti gemu za zamani kwa njia ya intaneti, na Januari 2025 taasisi ya Video Game History Foundation ikafungua maktaba yake ya kidijitali. Lakini uzito wa habari hizo hauonekani mpaka ijulikane matoleo yaliyofutwa yalikaa wapi miaka yote, na nani aliyatoa.

La kutangulia ni SimCity ya NES. Gemu hii ya kujenga mji, iliyobuniwa na Will Wright, ilitoka mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta. Nintendo wakaichukua na kuanza kuiandaa kwa mashine mbili kwa wakati mmoja: NES ya zamani, yenye kumbukumbu ya ndani ya kilobaiti 2 tu, na Super NES iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni. Januari 1991 toleo la NES lilionyeshwa kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas. Toleo la Super NES likauzwa mwaka huohuo, la NES halikuonekana tena. Sababu haihitaji mganga: mwenye mashine mpya ya kuuza hapendi mteja aridhike na ile aliyonayo nyumbani. Mwaka 2017 kaseti mbili za majaribio zilijitokeza Marekani, na Desemba 2018 taasisi iliyotajwa hapo juu, iliyoanzishwa na Frank Cifaldi, ikaweka yaliyomo hadharani. Hapo ndipo umma uliposikia muziki wa Soyo Oka ambao toleo la dukani halikuwa nao.

Mother ilipitia njia ndefu zaidi. Gemu hii ya Shigesato Itoi ilitoka Japani mwaka 1989, na kufikia 1990 toleo la Kiingereza lilikuwa limekamilika, maneno yote yametafsiriwa, baadhi ya picha zimebadilishwa. Halikuuzwa. Kaseti moja ya majaribio ikapita mikononi mwa wakusanyaji, na mwaka 1998 yaliyomo yakasambazwa na mashabiki. Wapo waliosema ni ya kughushi, kwamba hakuna kampuni inayomaliza kazi kisha ikaiweka kabatini. Ubishi ulidumu miaka mingi, na Juni 2015 Nintendo yenyewe ikaiuza kwa jina la EarthBound Beginnings kwenye Wii U, miaka 25 baada ya kuikalia. Mashabiki waliofanya kazi bila mshahara ndio walioiweka hai muda wote huo, na haidhuru likisemwa wazi.

Half-Life ya Dreamcast iliuawa na kifo cha mashine yenyewe. Mwisho wa Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza Dreamcast. Gemu ilikuwa karibu kumalizika, ikafutwa Juni mwaka huo, na sura ya nyongeza iliyoandikwa kwa ajili yake, Blue Shift, ikahamishiwa kompyuta. Toleo la Dreamcast lilivuja baadaye na linachezeka, ingawa husuasua kila linapopakia eneo jipya.

Kisa cha Resident Evil ya Game Boy Color kinaudhi. Kampuni ya Uingereza, HotGen, ilijaribu kuibana gemu iliyojaza CD ya PlayStation ndani ya kaseti ndogo ya mashine ya mkononi yenye kioo cha nukta 160 kwa 144. Capcom ikaifuta mwaka 2000 kwa kutoridhishwa na ubora. Mwanzoni mwa 2012 mtu aliyekuwa na kaseti za majaribio alikubali kuziachia iwapo tu mashabiki wangemchangia dola 2,000. Mashabiki wakachanga, zikaachiwa. Kudai fedha kwa kazi ya mikono ya wengine, ambao wenyewe hawakupata hata senti ya mauzo, ni tabia ya dalali, na hakuna heshima ya kuiita ukusanyaji. Mbaya zaidi ni yule anayefungia kaseti ya pekee sandukuni ili ajivunie kwamba hakuna mwingine anayo.

Ubaya wa kuifungia ni wa kifizikia pia. Kaseti iliyouzwa dukani ina chipu ambayo data yake ilichongwa kiwandani na haifutiki. Kaseti ya majaribio hutumia chipu ya aina nyingine, EPROM. Juu yake kuna kidirisha cha mviringo cha kwatsi, na ndani yake waya nyembamba huonekana kwa macho. Data huhifadhiwa kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya vifuko vidogo mno. Mwanga wa urujuanimno ukipenya kidirishani, chaji hutoka na chipu huwa tupu, tayari kuandikwa upya; ndiyo maana mafundi hubandika karatasi juu yake, mara nyingi karatasi hiyohiyo iliyoandikwa kwa kalamu jina la gemu na tarehe. Gundi ikikauka na karatasi ikabanduka, jua la dirishani linatosha kuanza kazi ya uharibifu. Hata gizani chaji huvuja polepole, na chipu nyingi za miaka ya 1990 zimeshavuka umri ambao watengenezaji wake waliuahidi. Anayeokoa huisoma chipu mara kadhaa na kulinganisha matokeo. Yakilingana kila mara, kuna matumaini kwamba data ni salama. Yakitofautiana, kuna biti inayoyumba, na hapo husomwa tena kwa volti tofauti kidogo mpaka itulie.

Wakati mwingine hakuna kaseti kabisa. Chris Oberth, mwandishi wa programu wa Marekani aliyefariki mwaka 2012, aliwahi kuandika toleo la NES la Days of Thunder kwa ajili ya kampuni ya Mindscape. Mindscape ikalikataa, na mwaka 1990 ikauza gemu nyingine kabisa yenye jina hilohilo. Oberth hakutupa disketi zake. Kwa ridhaa ya familia zilifika kwa Video Game History Foundation, na mwaka 2020 mwandishi wa programu Rich Whitehouse akaunganisha msimbo uliokuwa umetawanyika humo mpaka ukageuka tena kuwa gemu inayochezeka. Kilichookolewa hapa kina thamani zaidi kuliko kaseti, kwa kuwa msimbo hubeba majina ambayo mwandishi aliipa kila sehemu ya kazi yake na maelezo aliyojiandikia mwenyewe.

Afrika Mashariki haikuwa na kampuni ya kufuta toleo la NES. Ilichokuwa nacho ni mashine za kuiga Famicom, yaani NES ya Japani, zilizoingia kwa wingi kutoka Asia pamoja na kaseti zilizodai kubeba mamia ya gemu. Ndani ya kaseti za aina hiyo duniani kote mlikuwa na matoleo ambayo wenye gemu wasingeyaruhusu kamwe, kama Somari ya Taiwan ya mwaka 1994, iliyomweka Mario ndani ya gemu ya Sonic. Wizi, ndiyo, lakini nao ni ushahidi. Ilomba jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, vijana kwenye mabanda ya gemu hushika pedi za PlayStation na kubishania mpira. Kaseti ziko kwa mafundi redio, kwenye maboksi ya vifaa vibovu, zikisubiri siku ya kufanya usafi. Kuifungua moja, kuisugua miguu kwa kifutio na spiriti na kuandika orodha ya yaliyomo hakuhitaji mfadhili.

Tanzania imeshapata funzo la namna hiyo kwenye muziki. Kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya TBC, zina rekodi za bendi ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na studio nyingine ya maana. Ilibidi vijana wa Tanzania Heritage Project waanze kampeni ya kuzigeuza kuwa za kidijitali ndipo wengi wakajua kwamba kanda zenyewe zinachakaa. Sumaku ya kanda na sumaku ya disketi huchoka kwa namna moja, wala haisubiri ofisi inayongoja bajeti ya mwaka ujao.

Kuhusu sheria, maneno ni machache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, namba 7 ya mwaka 1999, inazilinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za uandishi, na kufutwa kwa toleo hakumwondolei mwenyewe haki. Marekani ni vivyo hivyo. Utafiti uliotolewa na taasisi ya Cifaldi mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia halali, na takwimu hiyo ilitumika kutetea ombi lililokataliwa Oktoba 2024. Wenye gemu walipinga kwa hoja kwamba watu wangezicheza kwa kujifurahisha. Kwa uamuzi huo, maktaba iliyofunguliwa Januari 2025 inatoa majarida, michoro na nyaraka za uzalishaji kwa yeyote mwenye intaneti, lakini gemu zenyewe haziazimwi.