Kisiwa Kilichozama, na Alhamdu ya Mjukuu Wangu

Sisi watu wa pwani tumezoea kupita juu ya maji tukijua yaliyo chini yake: mwamba, fungu, ama mbao za jahazi lililokufa maji zamani. Mwaka jana nilipita juu ya kisiwa kizima, na msikiti wake.

Mwanangu, ambaye kazi imemweka Vienna miaka mingi, alitualika mimi na mamake tupande meli ya mtoni pamoja naye, mkewe na mtoto wao wa miaka minane. Mto wenyewe ni Danube, ambao Waturuki huuita Tuna. Huanzia Msitu Mweusi kule Ujerumani, ukaenda takriban kilomita 2,850 na kugusa nchi kumi, hata ukamwaga maji yake Bahari Nyeusi. Katika Ulaya nzima hakuna unaoushinda kwa urefu ila Volga.

Nakiri safari haikuanza kwa furaha. Usiku wa kwanza nilimtaka mjukuu wangu anisomee Alhamdu, akainamisha kichwa. Nikamgeukia babake kwa maneno makali, naye akanijibu, “Baba, mimi hurudi kazini usiku. Nani atamsomesha?” Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza.

Budapest tulishuka, tukapanda kilima kulizuru kaburi la Gül Baba, darweshi aliyefariki mwaka 1541, mwaka ule ule Sultani Suleiman alipoitwaa Buda. Maana ya jina lake ni Baba Waridi. Kijana akaniuliza, “Babu, Waislamu walikuwa huku?” Nikamwambia walitawala hapo miaka 145.

Ukishaipita Belgrade, mto hujibana baina ya milima, Serbia kuliani na Romania kushotoni. Mahali hapo huitwa Lango la Chuma. Hapo ndipo kilipokuwa kisiwa cha Ada Kaleh, yaani Kisiwa cha Ngome. Wenyeji wake walikuwa Waturuki, wakilima tumbaku na kuuza haluwa. Mwaka 1878, wakubwa wa Ulaya walipokutana Berlin kuamua mambo ya nchi za Sultani, kisiwa hiki walikisahau. Kikabaki chake kwa jina mpaka mkataba wa Lausanne wa 1923, ndipo kikatiwa Romania.

Kisha serikali za Romania na Yugoslavia zikataka umeme, zikajenga bwawa kubwa lililokamilika mwaka 1972. Watu wakahamishwa, wengi wakenda Uturuki, wengine Constanța. Vipande vya ngome vikapelekwa kisiwa cha Șimian. Majumba yakavunjwa, na maji yakapanda.

Meli haikupunguza mwendo. Mwanangu alituonyesha kwa kidole, nasi hatukuona kitu ila maji.

“Na watu wake, babu, walirudi?”

“Warudi wapi, mwanangu?”

Bibiye akainua mikono, akasoma Fatiha kwa sauti, polepole. Mtoto akamfuata neno kwa neno. Usiku ule wakarudia, na usiku wa pili yake. Tulipofika Bahari Nyeusi alikuwa ameshaihifadhi, ila aya ya mwisho ikimtatiza kidogo.

Constanța tulikwenda msikiti mkubwa, ambako limehifadhiwa zulia la msikiti wa Ada Kaleh, hidaya ya Sultani Abdulhamid wa Pili. Mtoto akavua viatu kabla hajaambiwa, akatazama, akauliza, “Hili ndilo halikuzama?” Babake akageuza uso.

Sasa kila baada ya Isha simu hulia nyumbani kwetu Mombasa. Ni mtoto wa Vienna, anasomeshwa juzuu Amma na bibiye. Mimi niliyekaa chuoni miaka saba, nikasifiwa kwa tajwidi, nilijua kulaumu tu. Aliyesomesha ni yeye.