Doa Jeusi Wayoni na Kioo cha Daktari



Wachumaji wetu wengi hupanda mikarafuu miguu mitupu. Mtu akiona doa jeusi wayoni husema ni mwiba au damu iliyovilia, akaendelea na kazi. Mara nyingi husema kweli. Lakini iko saratani ya ngozi, jina lake melanoma, ambayo kwa watu weusi hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Mwimbaji wa Jamaika, Bob Marley, alionekana kuwa nayo kidoleni mwa mguu mwaka 1977, akafa mwaka 1981, naye ana miaka 36 tu.

Je, daktari atajuaje kama doa ni la saratani au ni alama tu? Kwa macho matupu ni vigumu. Kwa hiyo madaktari wa ngozi hutumia kioo kidogo chenye taa, kiitwacho demoskopu, ambacho hukuza kitu kiasi cha mara 10. Ngozi humeta kama bahari wakati wa jua, na kumeta huko huzuia macho yasione ya chini. Daktari hupaka mafuta kidogo, au hutumia kioo chenye taa maalumu, na rangi iliyo ndani ya ngozi huonekana.

Wayo una matuta na mifereji midogo, mfano wa matuta ya viazi. Rangi ikikaa mifereji, kwa kawaida doa ni salama. Ikikaa juu ya matuta, ni dalili ya hatari. Mwaka 2004 madaktari wa Japani walitoa hesabu: dalili hiyo ya matuta ilionekana katika melanoma 86 kwa kila 100 za nyayoni na viganjani, na katika madoa salama 1 tu kwa kila 100.

Kwa ngozi ya mwili kwa jumla, mwaka 2018 jumuiya ya Cochrane ilijumlisha tafiti nyingi. Katika kiasi kile kile cha kushuku bure madoa salama, yaani 20 kwa kila 100, macho matupu yalitambua melanoma 76 kwa kila 100, na kioo 92.

Basi kioo ni msaada mkubwa, lakini hakimalizi shauri. Katika ile hesabu ya Japani, melanoma 14 kwa kila 100 hazikuonyesha dalili ya matuta. Tena kioo chataka mtu aliyejifunza kukisoma. Neno la mwisho hupatikana kwa kukata kipande cha doa na kukipima kwa hadubini.

Yatupasa kutazama nyayo na kucha kila tuoshapo miguu. Doa likizidi kupanuka, likigeuka rangi, likitoa damu, au likawa kidonda kisichopona, msilichokonoe kwa sindano wala kulichoma kwa dawa. Nendeni hospitali mapema, hata ikiwa ni katikati ya msimu. Melanoma ikikatwa ingali changa, mara nyingi mtu hupona; ikiachwa huenea ndani ya mwili, na hapo kuitibu ni kazi ngumu.

Katibu