Irimu Anameza Kila Msee, Isipokuwa Wewe

Saa mbili usiku, jam ya Galleria imegandana, na mi niko siti ya dirisha kwa nganya ya Rongai. Besi inatingisha kioo, taa za zambarau zinapita juu ya karatasi. Kitabu nimeipiga kava ya khaki kama ya hesabu za praimo, juu sitaki mathe wa siti ya nyuma anisomee begani. Ndani, Zade amesimama kwa giza nje ya nyumba ya Adeline, anamcheki tu. Donda akagonga bodi mara mbili, wasee wakashuka, gari ikang'oa. Stage yangu ikapita hivyo. Sikuskia kitu.

Hiyo ni Haunting Adeline ya H.D. Carlton. Ilitoka 2021, TikTok ikaibeba hadi huku mtaani. Adeline ni mwandishi, amerithi nyumba ya shosh yake. Zade ni haka. Anawindanga wasee wa kuuza watu, alafu usiku anaingia kwa huyu manzi bila kubisha, anamwachia maua ya rozi. Na si eti ni mtu poa amesingiziwa. Kuna vitu anamfanyia Adeline na hajakubali, na mwandishi mwenyewe anakuonya kurasa za kwanza kabla stori ianze. Mbogi yangu husomanga hizo onyo kama menyu ya kibanda.

Shosh yangu wa Murang'a angeijua hii stori. Yeye alitupeanga ya irimu: jamaa ametokelezea kinoma anafika kwa ngoma, manzi anamfuata hadi kwake, kumbe kisogoni, chini ya nywele, kuna mdomo ya pili. Shosh alikuwa anaachia hapo, na tulikuwa tunadoze tumeshikana. Hizi romansi za giza zimechukua huyo irimu mzima mzima, na mdomo yake, zikabadilisha kitu moja: anameza kila msee, isipokuwa wewe.

Hapo ndio utamu iko. Juu maisha ya kukatiwa siku hizi ni kavu, maze. Chali anakutumia "sema" saa tano usiku, unamjibu, anakuachia tiki za bluu hadi Alhamisi. Ulimwambia mathe yako ni mgonjwa, ameshasahau. Msee wa hizi vitabu hasahau. Anajua chai yako unakunywa na sukari ngapi. Ukichoka kuulizwa jina mara mbili na mtu mmoja, yule wa kukuangalia hivyo anakuingia, hata kama ni jini. Na hii si ya juzi. 1847 Emily Brontë alitoa Wuthering Heights, na humo Heathcliff anafungua jeneza ya Catherine ndio aone uso yake tena. Hiyo inafundishwa darasani, inaitwa fasihi. Manzi wa Rongai akisoma yake kwa mat, anaambiwa ako na shida kwa kichwa. Hiyo nimekataa.

Lakini acha nikuchanue. Kuna chali tulitoka na yeye mara mbili, nikamwambia imetosha. Wiki iliyofuata meseji ikaingia: "Hiyo ya kijani inakutoa." Nilikuwa nimevaa kijani. Nilikuwa stage. Kwa karatasi, hiyo laini ingenifanya nifunike uso na mto nikicheka. Pale stage nilitafuta funguo kwa begi na vidole hazikuwa zinaskia. Nimewaza sana tofauti ni gani, na naona ni hii: Carlton anakupea sura za Zade mwenyewe. Unaingia kwa kichwa yake, unaskia venye anawaza, unajua hatakumaliza. Yule wa stage sikuwa na sura yake hata moja. Nilikuwa na giza tu, na hesabu ya hatua hadi geti.

27 Januari 2024 nilikuwa tao kwa maandamano na wale mamanzi wote, tukipiga kelele juu ya wanawake kuuawa. Nilirudi keja sauti imeisha, nikaoga, nikafungua kitabu pale nilikuwa nimekunja. Najua venye hiyo inaskika. Lakini siku mzima nilikuwa nimebeba hofu yenye sikuichagua, na hii ya kitabu ilikuwa ndogo, naifunga na vidole mbili. Nikalala.

Kitabu nilimpea siz yangu wa kampo. Juzi alirudisha hiyo ya kwanza akidai ya pili, Hunting Adeline. Nikiwa naitoa chini ya kitanda, simu yake ikalia. Akasoma, akacheka. Kuna msee wa darasa yao amemuuliza mbona jana taa ya rumu yake ilizimwa mapema.

"Zade wangu," akasema.

Nikakaa chini, kitabu kwa magoti. "Kwani ulimwonyesha unakaanga wapi?"

Akafikiria. Akaacha kucheka.