Mgongo wa Mfugaji wa Garsen

Katika vijiji vya wafugaji wa Tana River, mtu akilalamika kwamba kiuno kinamuuma mwezi wa tatu sasa, jibu huwa tayari: ni uzee, ni kazi ya kuteka maji, au ni malaria. Hununuliwa vidonge vya kutuliza maumivu mjini Garsen, ama huchomwa chuma cha moto papo hapo panapouma. Maumivu hupoa, kisha hurudi.

Upo ugonjwa unaostahili kushukiwa mapema mahali ambapo watu huishi kwa maziwa, nao ni bruselosi. Viini vyake, vilivyogunduliwa na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, kisiwani Malta mwaka 1887, hukaa katika ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Mnyama hutupa mimba. Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha mnyama mikono mitupu. Hufuata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na uchovu. Kwa baadhi ya wagonjwa, viini hujipenyeza katika pingili za uti wa mgongo, hasa za kiunoni, na mfupa huvimba na kulika polepole.

Kuutambua si rahisi. Kifua kikuu cha mifupa hufanana nao sana, picha ya eksirei ya siku za mwanzo yaweza isionyeshe lolote, na kipimo cha damu cha haraka kinachotumika katika zahanati nyingi humhesabu mgonjwa asiyekuwa mgonjwa. Kwa hiyo kipimo cha pili si anasa.

Tiba ipo: doksisaiklini pamoja na rifampisini, au pamoja na sindano, kwa muda usiopungua wiki 6. Uti wa mgongo ukishaguswa, dawa huendelea miezi 3 au zaidi. Sasa tujiulize: Muorma au Muwardei anayehamisha ng'ombe kuelekea delta wakati wa kiangazi ataimaliza vipi dawa hiyo, ikiwa kila wiki anatakiwa arudi kupanga foleni? Apewe dawa ya kumtosha safari nzima, na afisa wa mifugo anayesikia habari za mimba zilizotupwa amwarifu mwenzake wa afya siku hiyo hiyo.

Kuhusu maziwa, wazee watasema yakichemshwa hupoteza ladha. Mbona chai yao huchemka kila asubuhi wala hawalalamiki? Hatari imo katika kibuyu cha maziwa mabichi, na moshi wa kukifukizia hauviui viini hivyo.